UZI: Unasoma chuo na unataka kujitegemea kwenye dizaini? Anzia kwa mpiga chapa

FundiWino (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila vyuo vinapofungua hujitokeza vijana wanaouliza namna ya kuanza kazi ya dizaini huku wakiendelea na masomo. Maswali yao karibu yote ni mawili: laptop ya aina gani, na vipi nipate wafuasi Instagram. Kazi hii naifanya, niliianza nikiwa mwanafunzi wa kupanda daladala ya Tunguu asubuhi, na ninachotaka kuwaambia hakimo katika hayo mawili. Kabla hujajiita dizaina, nenda duka la kupiga chapa, muombe mwenyewe ruhusa, ukae pale likizo moja nzima. Hata ukipewa kukata kadi na kufunga maboksi, kubali.

Najua mzazi anayekulipia ada hatopenda kusikia kuwa mwanawe anakata karatasi Mlandege. Mueleze. Ukikaa pale nusu siku utaona kazi za mji huu ni zipi hasa: kadi za harusi, flaya za darsa na maulidi, menyu za migahawa ya Paje na Nungwi, stika za chupa za asali, vifungashio vya sabuni ya mwani, fulana za timu za mitaani, vitabu vya risiti. Takriban zote zinaishia kwenye karatasi, kitambaa au plastiki. Mteja wa kazi hizi haimalizi dizaini yako kwenye skrini. Anaiona siku anapoibeba mkononi, na siku hiyo ndiyo anayoamua kama atarudi kwako.

Siku ya kawaida dukani inakwenda hivi. Anaingia mama anayeuza viungo, anataka bana ya mita 3 kwa ajili ya maonesho. Nembo anayo kwenye simu, katumiwa na mjukuu wake kwa WhatsApp. Ukiifungua unakuta picha yenye upana wa pikseli kama 1600, maana WhatsApp huipunguza picha kabla ya kuituma. Mita 3 ni inchi 118. Gawa: kila inchi ya bana inapata pikseli 13 na kitu. Bana ya kusomwa kwa mbali inataka angalau 72 hivi, na kadi ya kushikwa mkononi inataka 300. Fundi wa mashine hahitaji hesabu hiyo. Anaivuta picha, herufi zinakuwa ngazi ngazi, anamgeukia yule mama. Hapo anahitajika mtu wa kukaa saa mbili aichore upya ile nembo kwa mistari, yaani iwe vekta, ili iweze kuchapwa kwenye kizibo cha chupa na kwenye ukuta wa duka bila ya kupasuka. Mashine ina foleni na fundi hana saa mbili. Wewe uliyekaa pembeni unazo. Mteja wako wa kwanza ndiye huyo, na umempata bila ya tangazo.

Faida ya pili ni kwamba utajifunza vitu ambavyo darasani vinapitiwa juu juu. Nitavitaja vitatu, kwa sababu naviona vikiwasumbua vijana kila wiki.

Rangi. Mahoteli ya pwani yanapenda ile buluu ya bahari ya Nungwi saa sita mchana, inayovuta kwenye kijani na kung'aa. Skrini inaweza kuitoa kwa sababu skrini ni mwanga, nyekundu, kijani na buluu, ndiyo RGB. Mashine haina mwanga, ina wino nne: saiani, majenta, manjano na nyeusi, ndiyo CMYK. Ile rangi ya bahari haimo ndani ya wino hizo nne. Itatoka imefifia, utake usitake. Ukiwa umeshamuonesha mteja kwenye simu na akaipenda, utagombana naye siku ya kuchukua mzigo. Aliyekaa kwa mpiga chapa anaanza na rangi inayochapika, halafu ndiyo anamuonesha mteja. Na maandishi madogo meusi yawe wino mweusi peke yake. Ukichanganya wino zote nne kwenye herufi ndogo, karatasi ikisogea hata kidogo utaona kivuli cha rangi pembeni ya kila herufi.

Karatasi. Flaya ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza blidi, ile ziada ya milimita 3 kila upande inayokatwa, inakuwa 154 kwa 216. Duka nyingi zenye mashine ya dijitali hutumia karatasi ya SRA3, ambayo ni 320 kwa 450. Panga flaya mbili kwa mbili: 308 kwa 432. Zimeingia nne. Sasa dizaina anaona flaya ingependeza ikiwa pana kidogo, anaifanya 165. Pamoja na blidi ni 171. Mbili ubavu kwa ubavu ni 342, hazienei. Zinaingia mbili tu badala ya nne, na gharama ya karatasi na wino ya yule mteja imekuwa maradufu kwa sababu ya milimita 17. Hili huwezi kulihisi ukiwa chumbani na laptop. Dukani unaliona kwenye mkato, vipande vinavyotupwa vimejaa sakafuni.

La tatu ni maandishi ya Kiarabu, na hapa kwetu huwezi kulikwepa. Flaya ya maulidi, cheti cha madrasa, kadi ya akdi, zote zina Kiarabu. Programu isiyopangwa vizuri inazitenganisha herufi moja moja na kuzipanga kutoka kushoto, kwa hiyo jina la Mwenyezi Mungu au la Mtume linatoka limevunjika. Nimewahi kuona bango zima la namna hiyo limeshachapwa na kutundikwa. Kwenye Illustrator na Photoshop lazima uwashe mpangilio wa maandishi ya Mashariki ya Kati. Inkscape, ambayo ni ya bure, inaziunga herufi yenyewe. Fonti za Amiri, Scheherazade na Noto Naskh ni za bure na leseni yake inaruhusu kazi ya biashara. Ukishamaliza, muoneshe maalim au mtu yeyote anayesoma kwa ufasaha, halafu geuza herufi ziwe mistari kabla ya kupeleka faili (Ctrl+Q kwenye CorelDRAW) ili mashine ya duka isije ikabadilisha fonti. Na muulize mteja kama aya anayotaka iwekwe inafaa kuwa kwenye flaya. Flaya hutupwa chini na kukanyagwa. Wazee wengi watakushukuru ukiwakumbusha mapema.

Nitaendelea na bei baadaye, inshallah. Karibuni.

Tunguu_MwakaWaPili

Wa alaykum salaam kaka FundiWino. Nimesoma yote. Mie natumia Canva tu kwenye simu na laptop ya kuazima kwa mwenzangu wa dakhalia. Je, niende hivyo hivyo kwa mpiga chapa au nisubiri mkopo utoke ninunue yangu? Halafu hizo programu za kulipia kila mwezi mwanafunzi ataziweza vipi?

FundiWino

Ndugu yangu, nenda hivyo hivyo. Na mkopo ule ni wa kula na kusoma, usiugeuze laptop mpya kabla hujapata hata mteja mmoja.

Canva si mbaya kwa tangazo la simu. Kwa nembo usiitegemee, kwa sababu vielelezo vyake vingi vinatumiwa na watu dunia nzima, na mteja hawezi kuvifanya kuwa alama yake ya biashara peke yake. Jifunze vekta: Inkscape ya bure, au Affinity ambayo tangu mwishoni mwa 2025 inatolewa bure. Kwa kitabu au jarida kuna Scribus. Maduka mengi ya hapa yanafanya kazi na CorelDRAW, kwa hiyo jua inavyofanya kazi hata kama huna, na siku zote peleka PDF, maana faili la toleo jipya la Corel halifunguki kwenye toleo la zamani. Programu za kuvunja, zile za kulipia zilizoibwa, usizitumie. Flashi moja yenye virusi ukiichomeka kwenye kompyuta ya duka, ruhusa ya kukaa pale imekwisha.

Sasa bei, maana nimeahidi. Wanafunzi wengi wanataja bei kwa kuangalia mwenzao katoza ngapi. Fanya hesabu yako mwenyewe. Tuseme kwa wiki una saa 12 ambazo husomi, hulali na humo kwenye daladala. Kwa mwezi ni 48. Nusu yake itakwenda kwenye kumsubiri mteja, kusahihisha, kufuata mzigo. Zinabaki 24 za kuuza. Ukitaka shilingi 300,000 kwa mwezi, saa moja yako ni 12,500. Flaya inayokula saa nne ni 50,000. Akija mtu na 10,000, unajua kwa hakika kwamba anakuomba saa zaidi ya tatu za bure, na unaweza kuamua kwa macho wazi kumpa au kumkatalia. Badilisha tarakimu ziwe zako, njia ni hiyo.

Arubuni nusu kabla ya kufungua programu. Andika kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili cha kawaida, kabla ya kuanza: kazi ni nini, ukubwa gani, marekebisho mara mbili na ya tatu yanalipiwa, anayethibitisha maandishi ni nani, na lini. Muombe ajibu "nimekubali". Hasa lile la anayethibitisha maandishi. Kadi ya harusi ina majina ya familia mbili, na kila upande una ami na shangazi wa kusoma. Bila ya mtu mmoja aliyekubaliwa utarekebisha hadi siku ya harusi yenyewe.

Bahari_Kuu

Nakuheshimu mwanzisha uzi, ila sikubaliani. Unawafundisha vijana kazi inayopungua. Hoteli za sasa menyu ni msimbo wa kuskani mezani, tangazo ni Instagram, kadi za harusi zinatumwa kwa simu. Kijana wa chuo ajifunze Figma, programu ya kuchora kurasa za skrini, atengeneze kurasa za programu za simu, auze kazi Ulaya na Marekani akiwa Jang'ombe kwao. Mie wateja wangu hata mmoja hajawahi kukanyaga Unguja, na sijawahi kushika karatasi.

FundiWino

Kaka Bahari_Kuu, kazi yako ni halali na inalipa, na sitomzuia mtu. Lakini angalia anakoanzia mwanafunzi. Kwenye Fiverr, ule mtandao wa kuuza kazi za kujitegemea, anashindana na watu wa dunia nzima, hana tathmini hata moja, na mtandao wenyewe unachukua asilimia 20 ya malipo. Kazi ya dola 50 unapata 40, kabla ya makato ya kuzitoa. PayPal kwa miaka mingi imekuwa ikituruhusu Watanzania kutuma pesa na si kupokea, ndiyo maana wengi mnapitia Payoneer. Hayo yote yanawezekana, ila yanamtaka mtu ambaye tayari ana kazi za kuonesha. Atazipata wapi? Kwa yule mama wa viungo. Mwanafunzi akishaipiga picha bana ya mama yule ikiwa imetundikwa kwenye maonesho, watu wamesimama mbele yake, hiyo ni kazi ya kweli na mteja wa Ulaya anaijua tofauti yake na picha ya kubuni.

Na mezani pale penye msimbo, nani alitengeneza kile kibao cha msimbo? Ni plastiki, imechapwa. Ikiwa ndogo mno au imechapwa rangi hafifu juu ya rangi nyengine, simu haisomi.

Bahari_Kuu

Hapo kwenye kazi za kuonesha nakubali. Kwenye mengine nabaki na msimamo wangu. Mwanafunzi ana muda mchache, autumie penye pesa kubwa.

Mzee_wa_Mashine

Vijana, salaam. Mimi nina duka la kupiga chapa, Ng'ambo, miaka mingi. Nimeletewa uzi huu na mwanangu nikaona na mimi niseme.

Kijana akija kwangu kwa adabu namkaribisha. Lakini kuna mambo yananiudhi na ni bora nikayasema wazi. Mnakuja na PNG ya mtandaoni mnaniambia "mzee, ipanue". Mnaleta faili saa kumi na moja jioni, mteja anaitaka kesho asubuhi. Mnamtoza mteja bei ya kuchapa mara mbili ya niliyowapa, halafu akija mwenyewe siku nyengine akasikia bei yangu, anadhani mimi ndiye niliyemuibia. Ukitaka faida juu ya kuchapa, mwambie mteja kuwa umo ndani yake unasimamia kazi na hiyo ni haki yako. Usijifiche.

Jengine: msiniambie "weka rangi kama ya simu". Chukueni kipande cha karatasi ile ile, nikuchapieni, muione. Kipande kimoja hakinifilisi. Mzigo mzima ukikataliwa unanifilisi.

FundiWino

Ahsante sana mzee wetu. Hilo la bei naliunga mkono kwa nguvu. Vijana, andikeni kwenye ankara mistari miwili: dizaini, na kuchapa pamoja na usimamizi. Mteja akiona anaelewa, na mpiga chapa anabaki rafiki.

BintiWawi

Assalaam alaykum. Mie nasoma Pemba, Wawi. Kaka FundiWino maneno yako mazuri, lakini yanamfaa aliye mjini Unguja. Hapa Chake mashine kubwa ni chache, kazi za bana na vifungashio nazituma Unguja kwa barua pepe, mzigo unakuja kwa meli. Ukifika na rangi mbaya ndiyo imeshakuwa, siwezi kukaa dukani kwa mtu. Nina wateja wawili watatu, akina mama wanaotengeneza sabuni na mafuta ya karafuu. Pesa zao ni za msimu: karafuu zikichumwa wanalipa, zisipochumwa wananiomba nisubiri. Na mama hataki nikasimame kwenye maduka ya watu kutafuta kazi, anasema nimalize kwanza chuo. Mie nifanyeje?

FundiWino

Dada yangu, hali yako ni ngumu zaidi na ina njia yake.

Rangi kwanza. Muombe mpiga chapa wa Unguja akuchapie chati ya rangi mara moja tu, kwenye mashine ile ile na karatasi ile ile unayotumia: miraba midogo, kila mmoja umeandikwa kiasi chake cha CMYK chini yake. Itengeneze mwenyewe kwenye A3, weka buluu, kijani, kahawia na nyekundu nyingi kwa sababu ndizo zinazodanganya. Ikija, itunze ndani ya bahasha, jua lisiifikie. Tangu siku hiyo usichague rangi kwenye skrini. Chagua kwenye chati, soma tarakimu, ziandike kwenye programu. Mteja naye achague hapo, akiwa ameishika. Ukibadilisha duka au karatasi, chapisha chati mpya.

Kwa vifungashio vya akina mama hao, kazi yako kubwa ni maandishi kuliko nakshi. Jina la bidhaa, kilichomo ndani, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, anaetengeneza na anapopatikana. Acha nafasi tupu ya tarehe ili wapige muhuri wenyewe, wasije wakachapa stika upya kila mara. Alama ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, usiiweke mpaka wawe wameshaipata kwa taratibu zake, hata wakikwambia "iweke tu, tuko njiani". Na namba ya msimbopau, ile mistari inayoskaniwa dukani, usiibuni. Zile tarakimu 13 hutolewa na shirika la GS1, za Tanzania zinaanza na 620, na namba ya kubuni inaweza kuwa ya bidhaa ya mtu mwengine, supamaketi wataikataa.

Pesa za msimu: usisubiri bila ya mpango. Panga nao kazi ndogo ya stika nyeusi kwenye karatasi ya kaki kipindi cha ukavu, na kifungashio cha rangi msimu wa karafuu ukifika. Stika ya wino mmoja iliyopangwa vizuri inapendeza, na wewe unalipwa chote kidogo badala ya kudai kikubwa.

Mama msikilize. Huna haja ya kusimama dukani kwa mtu. Wateja wako ni wanawake, wako kwenye vikundi vya ushirika, wanakutana. Mama mwenyewe akikupeleka mara moja kwenye kikao chao, umeshapata mlango na radhi yake pamoja.

Tunguu_MwakaWaPili

Kaka samahani nauliza tena. Mtu ajifunze wapi kupanga vitu vikakaa vizuri? Naona kazi zangu zimejaa kila kitu, sijui nipunguze nini.

FundiWino

Chukua kanga ya nyumbani uitandaze sakafuni. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina liko chini ya mji, ndani ya kisanduku chake, herufi kubwa zisizo na madoido. Rangi mara nyingi ni mbili au tatu. Mwanamke akipita barabarani unaona nakshi kwa mbali, akikaribia unasoma maneno. Aliyepanga vile alijua nini kionekane kwanza na nini kisubiri. Jaribu kuipanga flaya yako ya darsa kwa utaratibu huo: mpaka, kitu kimoja kikubwa katikati, maneno kwenye nafasi yake. Utashangaa vingapi vitaondoka vyenyewe. Ile mistari mitano ya "wote mnakaribishwa" kwa fonti tofauti ndiyo ya kwanza.

Halafu tembea Mji Mkongwe ukiangalia vibao vya maduka. Vile vya zamani vilivyopigwa kwa brashi vina nafasi baina ya herufi ambayo kompyuta haikupi bure. Tahadhari tu: Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, kwa hiyo kabla ya kumtengenezea mteja kibao cha nje muulize kama ameshapata ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe kuhusu ukubwa na namna ya kukiweka.

Karani_Vuga

Naomba niongeze la kisheria kwa sababu naona halijaguswa, na vijana wengi wanachanganya.

Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. COSOTA ni ya Bara. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo hakimiliki ya mchoro wako inazaliwa unapouchora, si lazima usubiri cheti. Kusajili kunakusaidia siku ya ubishi. Swali kubwa ni nembo inapokuwa ya mteja: hamishieni haki kwa maandishi, na semeni inahamia lini. Mie nashauri iandikwe kwamba inahamia malipo ya mwisho yakishafika.

Alama ya biashara ni jambo jengine. Hapa inasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, chini ya sheria ya mwaka 2008. Bara inasajiliwa BRELA. Daftari ni mbili. Mteja wako wa Paje akisajili Dar es Salaam peke yake, Unguja hajalindwa, na kinyume chake ni vivyo hivyo. Ukimwambia hili mapema atakuona mtu mzima.

Ukianza kupata wateja wa kudumu, jina la biashara pia linasajiliwa BPRA. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, iko TRA, na kodi za Zanzibar ziko ZRA. Hoteli nyingi hazitokulipa bila ya TIN, namba ya mlipakodi, kwa hiyo ishughulikie kabla hujapata kazi ya hoteli.

FundiWino

Karani, Mungu akuzidishie. Hilo la daftari mbili nawaambia wateja kila mara, wengi hawaamini.

Na kwa kuwa hoteli zimetajwa: kalenda yake ijueni. Msimu wa wageni ni Juni mpaka Oktoba, kisha Disemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei ni masika, wengi wanafunga au wanatengeneza majengo, na wakati huo ndio wanaofikiria menyu mpya na vibao vipya. Kawaoneni Aprili. Ukienda Julai meneja hana hata dakika ya kukusikiliza. Ramadhani nayo ina kazi zake, ratiba za futari na mabango ya darsa, na huanza kuulizwa Shaabani. Ziangalieni tarehe hizo pamoja na ratiba ya mitihani yenu, zile zinazogongana mzikatae tangu mapema. Mteja aliyeambiwa "siwezi wiki hiyo, naweza baada ya tarehe 20" anarudi. Aliyeahidiwa na akaachwa solemba wiki ya mitihani harudi, na anawaambia wenziwe wote Darajani.

BintiWawi

Kaka, chati nimeianza usiku huu, Inkscape. Swali moja: miraba iwe na ukubwa gani? Na kiasi cha wino nikipandishe kwa asilimia kumi kumi?

FundiWino

Sentimita 2 kwa 2 inatosha, ikiwa ndogo zaidi rangi ya jirani inakudanganya jicho. Acha nafasi nyeupe katikati. Pandisha kwa kumi kumi, ila kwenye buluu pandisha majenta kwa tano tano, kwa sababu hapo ndipo buluu inapogeuka zambarau. Jumla ya wino zote nne kwenye mraba mmoja isizidi asilimia 300, karatasi italowa na kugandana. Inkscape yenyewe hukaa kwenye RGB, kwa hiyo chati hii na faili zako za mwisho zipitishe Scribus ndiyo utoe PDF ya CMYK.

Mzee_wa_Mashine

Binti, nitumie hiyo PDF ikiwa tayari, nitakuchapia kwenye karatasi mbili, ya kung'aa na ya kawaida, na nitaiweka kwenye mzigo unaokuja Mkoani. Usilipe kitu.

Na wewe wa Tunguu, uje asubuhi kabla ya saa nne, mashine zinapopashwa moto, hapo nina nafasi ya kukuelekeza. Uje na viatu vya kufunika miguu, mkato una vyuma. Wiki mbili kabla ya Idd nina kazi nyingi, kwa hiyo njoo mapema kuliko hapo.